Bima ya gari lisilo lako

Anayeendesha kila siku gari la mzazi au la mwenzi wake, akitaka kulikatia bima kwa jina lake mwenyewe, mara nyingi hurudishwa kwa sababu kadi ya gari ina jina la mwingine. Katazo hilo halikuzuka bure. Mwaka 1745 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku bima za meli zilizokatwa na watu wasio na maslahi yoyote katika chombo wala shehena, yaani wasiopata hasara vikipotea, kwani zilikuwa kamari, na meli zilizamishwa makusudi ili watu walipwe. Mwaka 1925 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilimnyima fidia mtu aliyekuwa amekata bima, kwa jina lake, ya magogo aliyoiuzia kampuni ambayo hisa zake zote zilikuwa mikononi mwake na mwa watu waliozishika kwa niaba yake. Moto ulipoyateketeza, aliambiwa kwamba mwenye mali ni kampuni.

Hata hivyo, kesi ile ilihusu mali iliyoungua, ilhali dereva wetu anaogopa jambo jingine. Akimgonga mpita njia, anayedaiwa kwanza ni yeye aliyeshika usukani, na deni la matibabu ya majeruhi laweza kuishinda thamani ya gari lenyewe mara nyingi. Hayo ni maslahi halisi, tena mazito kuliko ya mmiliki ambaye huenda hajaligusa gari mwaka mzima.

Marekani ipo bima ya dereva asiye na gari, inayolipa madhara anayowasababishia wengine bila kugusa gari aliloazima. Kwa kawaida, lakini, haihusu magari ya nyumbani kwake wala analolitumia mara kwa mara, kwa hiyo yule anayelihitaji gari la familia kila asubuhi ndiye anayeachwa nje.

Kampuni za bima huhofia udanganyifu, na hofu hiyo ni ya haki: mzazi hujiandikisha kuwa dereva mkuu ili ada ya bima ipungue, kumbe gari ni la kijana wake. Ila mlango wa kweli ukifungwa, wengi (nao si wahalifu) husukumwa kwenye uongo huohuo, kisha dai hukataliwa siku ya ajali. Ingetosha kampuni kudai jina la mmiliki na la dereva mkuu tangu mwanzo, fidia ya gari ikalipwa kwa mmiliki, na kinga ya madai ya wengine ikamfuata dereva.