Gobore langu lina kasoro ya mdomo

Wiki tatu zilizopita nilikaa uwanja wa shabaha kwa muda wa saa nne, nikapiga risasi kumi na nane, nikarudi nyumbani na karatasi kama chandarua kilichopitiwa na panya. Yadi 100 tu. Bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, upepo hakuna, na mimi sijagusa hata kahawa mkono usije ukatetemeka. Matundu yalienea upana wa sinia la wali.

Na msidhani nasema gobore la kuchongea uvunguni. Hili ni la dukani, jipya, baruti na risasi bado unashindilia kwa mdomoni, lakini lina darubini, lina kitako cha plastiki cha rangi ya majani makavu, na boksi lake linatamba eti kulungu wa yadi 250 hana pa kukimbilia. Kwa nilivyoona, kulungu huyo angekaa chini akanisubiri nimalize.

Babu yangu kule Mpanda alikuwa na gobore. Mtutu laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, na baruti alikuwa akiipima kwa kiganja. Hakuwahi kulenga kitu zaidi ya hatua thelathini, kwa sababu alijua mwisho wake uko wapi. Lilikuwa bunduki baya, lakini halikuwa na boksi la kumdanganya.

Huku Ohio, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore ni Januari, siku chache tu, baridi ya kukata masikio. Umesubiri mwaka mzima, ukikosa umekosa. Ndiyo maana nina hasira.

Sasa niwape watengenezaji haki yao, kwa shingo upande. Tangu yule fundi wa Missouri, Tony Knight, alipotoa gobore lake la MK-85 mwaka 1985, moto ukawa unatokea nyuma moja kwa moja badala ya kupinda kutoka ubavuni, magobore haya yanawaka. Baadaye wakaweka fataki za 209 za kuwashia baruti, zile za shotgani (wa Bongo acheni kucheka, fataki ya bunduki hiyo), basi hata theluji ikikunyeshea, ukivuta linalia. Na unafungua kizibo cha nyuma, unasafisha mtutu kama bomba. Babu angefurahi sana. Haya, nimewasifu, yatosha.

Tatizo ni kwamba kuwaka si kupiga shabaha. Risasi inaamuliwa mahali pa mwisho inapoguswa na chuma, yaani mdomoni. Ikitoka pale, gesi ya baruti inaisukuma kitakoni kwa nguvu kubwa. Mdomo ukiwa sawasawa pande zote, gesi inatoka sawasawa, risasi inaondoka imenyooka. Upande mmoja ukitangulia kufunguka hata kidogo, risasi inapigwa kikumbo ikiwa ndiyo kwanza inaondoka, na hiyo darubini yako ya bei mbaya haina la kufanya.

Wao wamefanya nini na mdomo huo? Wameupanua! Kuna magobore mengi ambayo sehemu ya mwisho ya mtutu imetobolewa zaidi, mifereji ikaondolewa, ili mteja aiweke risasi kwa dole gumba bila kutoa jasho. Wazo si baya. Ila tundu hilo la pili lazima likae katikati kabisa ya lile la kwanza, na kiwanda kinachokimbizana na bei hakina muda wa kupima kila mtutu.

Aliyenionyesha ni mzee jirani yangu, fundi mstaafu wa kukereza vyuma. Nilikwisha kupiga simu kwa watengenezaji, dada mmoja mwenye sauti nzuri akanishauri nibadilishe aina ya risasi. Nikabadilisha. Akanishauri nibadilishe baruti. Nikabadilisha. Ilibaki anishauri nibadilishe macho. Mzee yeye hakuuliza hata ninatumia risasi gani. Aliwasha tochi ndogo, akachungulia mdomoni, akanipa kioo cha kukuzia: "Njoo uone mwenyewe." Pale tundu pana linapokutana na jembamba pana kingo ya duara. Upande wa kushoto kingo hiyo ilikuwa nene kama ncha ya ukucha. Upande wa kulia ilikuwa imekwisha kabisa. Mwezi mwandamo, jamani, ndani ya mtutu wangu! Risasi zote kumi na nane zilipita pale zikapigwa kumbo, halafu natafuta kosa kwenye baruti.

Mengine nitayapitia mbio. Baruti ya vidonge, greni 50 kila kimoja (greni ni kipimo cha baruti), wanakusifia uweke vitatu: bega linaumia, na huwezi kupunguza greni tano tano hadi bunduki ikuambie inapenda kiasi gani, maana kidonge hakikatwi. Lile gamba la plastiki linaloivalisha risasi nyembamba iendane na mtutu mpana hulainika mtutu ukipata moto, ndiyo maana saa nne zangu nyingi zilikuwa za kungoja chuma kipoe. Kizibo cha nyuma usipokipaka grisi kinaganda, utakiitia majirani. Na siku hizi kuna gobore ambalo baruti yake huja ndani ya kikopo cha plastiki na kuingizwa kwa nyuma, risasi pekee ndiyo ipite mdomoni. Bado wanaliita gobore. Sawa.

Watu wa Colorado nilikuwa nawaona wakoloni. Kwenye msimu wao wa magobore hawataki darubini, hawataki gamba la plastiki, hawataki vidonge. Sasa naanza kuwaelewa, ingawa darubini yangu sitoi.

Jumamosi mzee alinipeleka kwa rafiki yake mwenye mashine. Wakakata sehemu yote iliyopanuliwa, inchi moja na nusu ya chuma ikaanguka sakafuni, wakaunyoosha mdomo na kuusugua hadi ukang'aa. Jana nikarudi uwanjani na risasi zilezile, baruti ileile, macho yaleyale. Risasi tatu, yadi 100, zote zikafunikwa na kikombe cha kahawa.

Kushindilia sasa ni kazi. Risasi inagoma kuingia, naipiga kwa kiganja mpaka ishike mifereji, halafu naegemea mdeki kama anayetwanga kisamvu. Kiganja kimevimba. Kile kipande cha inchi moja na nusu nimekifunga vizuri ndani ya bahasha, na anwani ya kiwanda nimeiandika kwa herufi kubwa.