Sisi Tunajithibitisha, Wao Je?

Mjadala wa vitambulisho vya kidijitali ukianza, anayesita kutoa alama za vidole au picha ya uso huhesabiwa kuwa amepitwa na wakati. Hajaelewa, aelimishwe. Mimi naona ni sisi tuliomwelewa vibaya.

Wanaoitetea mifumo hii wana hoja nzito. Benki ya Dunia iliwahi kukadiria kuwa watu wapatao milioni 850 hawakuwa na kitambulisho rasmi cha aina yoyote. Kwa mtu kama huyo, kufungua akaunti au kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe ni mtihani. Mfumo ukimfikia, milango mingi inafunguka, na tapeli anayepokea ruzuku kwa majina matano anakosa pa kujificha. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Lakini tazama ni nani anayetakiwa kumwamini mwenzake. Ukitaka kuingia kwenye akaunti yako, unaulizwa neno la siri, kisha tarakimu sita zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, kisha uso mbele ya kamera: geuka kushoto, pepesa macho. Siku wao, yaani benki au ofisi yenye taarifa zako, wakikupigia simu, au mtu anayedai ni wao, mambo yanageuka. Anayepiga ndiye anayekuhoji, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, na wewe huna la kumuuliza ukajua kama ni yeye kweli. Ujumbe wa tarakimu unakuonya usimpe mtu yeyote. Haukwambii utamtambuaje aliye upande wa pili. Tapeli hupenya hapo hapo, na ukishaibiwa unaambiwa ulizembea.

Kuna takwimu moja hainitoki kichwani. Mwaka 2015 ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia watumishi wa umma ilidukuliwa. Awali ilisema alama za vidole zilizoibwa ni za watu milioni 1.1. Septemba ikasahihisha: milioni 5.6. Neno la siri likiibwa unaweka jingine. Kadi ya benki inafungwa, unapewa mpya. Kidole utakibadilisha na nini? Unavyo kumi tu, basi. Na waliopatwa na hayo hawakubofya kiungo cha ajabu usiku wa manane. Walitoa alama zao ofisini kwa sababu kazi iliwataka watoe. Walifuata utaratibu. Kijana wa miaka 25 wakati ule atazeeka na vidole ambavyo nakala yake iko mikononi mwa mtu asiyemjua.

Halafu kuna ambao mashine haiwatambui kabisa. Niliwahi kusimama foleni nyuma ya mzee ambaye alama za vidole vyake zilikuwa zimefutika kwa miaka ya kazi za mikono. Aliweka kidole gumba, taa ikawaka nyekundu. Akakisugua kwenye shati, akarudia. Mara ya nne mhudumu akamwambia, kwa upole kabisa, "Mzee, mfumo unasema si wewe." Kitambulisho chake cha karatasi, chenye picha yake, kilikuwa pale mezani.

Haya yote hayana maana kwamba tuvunje mifumo. Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, wana kitambulisho cha kidijitali tangu 2002, na raia anaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali akaona taasisi zilizofungua taarifa zake. Mwaka 2017 ilipobainika kuwa chipu za kadi zaidi ya 700,000 zina kasoro ya kiusalama, serikali yenyewe ilitangaza hadharani, na Novemba ikasimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo, vile vinavyomthibitisha mwenye kadi mtandaoni, hadi visasishwe. Ingeweza kunyamaza. Na watu hawakuukimbia mfumo: katika uchaguzi wa bunge wa 2023, zaidi ya nusu ya kura nchini humo zilipigwa kwa intaneti. Anayesita kuweka kidole chake leo anadai kile ambacho Mwestonia anacho tayari: kumwona anayemtazama, na kuambiwa mapema mambo yakiharibika.