Pikapu inapokula mafuta, tumuulize nani?

Kuna neno nililomwambia dereva wangu ambalo hadi leo linaniuma. Tulikuwa na Hilux ya dizeli ya zamani, ile yenye injini ambayo Toyota wanaiita 5L, ikishusha kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto kwenda sokoni Dar es Salaam. Kwa kama mwezi mmoja hivi mafuta yakawa yanapanda kidogo kidogo kila safari. Nikamuuliza. Akasema, "Bosi, hata mimi naona linakula, ila sijui linakulia wapi." Nikamjibu kwamba gari halina mikono ya kujifungulia tangi. Akanyamaza. Nikamkata sehemu ya posho, nikiamini mafuta yananyonywa njiani na kuuzwa kwa madumu.

Wiki chache baadaye tairi la nyuma la kushoto lilipata pancha pale Mombo. Kijana wa pancha aliposhika rimu aliruka nyuma. Ilikuwa ya moto haishikiki, na ya upande wa pili vuguvugu tu. Waya wa hendibreki ulikuwa umekamatwa na tope na kutu, haurudi, kwa hiyo breki ya gurudumu lile ilikuwa imebana muda wote, mlimani na tambarare. Injini ilikuwa ikiivuta breki yetu wenyewe mpaka Dar. Nilimrudishia posho yake na kumwomba radhi mbele ya tingo wake, maana mbele ya tingo ndipo nilipomvunjia heshima.

Tangu hapo swali hili silichukulii kiwepesi. Pikapu ikianza kula mafuta, wenye magari wengi tunamtazama dereva. Madereva wanamtazama fundi. Fundi naye anasema nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini. Nani hasa anayeweza kuokoa mafuta?

Wanaosema ni dereva wana hoja nzito, na kubwa kuliko zote ni upepo. Pikapu ina uso mpana na bodi iliyo wazi nyuma, haikuumbwa kuteleza hewani. Ukizidisha mwendo kutoka 80 hadi 100 kwa saa umeongeza robo tu, lakini nguvu ya upepo unaoisukuma gari nyuma inapanda kwa zaidi ya nusu, kwa sababu inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Injini inalipia hilo kwa dizeli. Na unapata nini? Kilomita 300 kwa 80 ni saa tatu na dakika 45. Kwa 100 ni saa tatu kamili. Dakika 45 hizo ziko kwenye karatasi tu. Kutoka Segera kwenda Chalinze unapita Kabuku, Mkata, Mbwewe, Lugoba, na kila penye nyumba kuna kibao cha 50 na matuta. Kila unaposhuka kutoka 100 hadi 50 kwa breki, umetupa robo tatu ya nguvu ya mwendo uliyoinunua sheli. Dereva anayeona kibao mbali akaachia mafuta mapema, gari likajiendea lenyewe hadi kwenye tuta, ameokoa bila kununua kitu chochote.

Upande huu una udhaifu wake, na haumhusu dereva. Hajipangii saa. Wanunuzi wa mboga wanaingia sokoni kabla ya alfajiri, na kabichi inayofika jua limetoka bei yake imeshaanguka. Mwenye mali anachelewa kupakia, gari linaondoka Lushoto usiku umekwenda, halafu simu zinaanza: uko wapi, mbona hujafika Chalinze? Mguu ulio kwenye eksileta ni wa dereva, ila anayeukandamiza yuko nyumbani kitandani. Tukitaka gari liende 80, kazi inaanza kwenye saa ya kupakia.

Na kuna hili la kushuka na fri, yaani kutoa gia mlimani ili gari liserereke. Madereva wengi wanaliamini. Kati ya Lushoto na Mombo kuna kama kilomita 33 za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Anayetetea fri anasema injini iko chini, mizunguko michache, kwa hiyo mafuta machache. Inaingia akilini, lakini ndani ya pampu mambo ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana, kidhibiti cha mafuta ndani ya pampu, inafunga dizeli karibu yote. Ukitoa gia, injini haina wa kuizungusha, lazima ichome mafuta ili isizime. Kwa mteremko mkali kama huu, fri inatumia mafuta ambayo gia ya tatu isingetumia.

Niwe mkweli kwa upande wao: kwenye mteremko mwepesi na mrefu, ambapo gia ingelivuta gari nyuma mpaka ulazimike kukanyaga mafuta tena, fri inaweza kukufikisha mbali kidogo zaidi kwa tone lilelile. Ila tofauti hiyo ni ndogo, na bei yake Lushoto ni breki. Tani moja ya viazi nyuma, kona baada ya kona, mzigo wote unabebwa na breki peke yake; zinachemka, pedali inakuwa laini kama sponji. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuzima injini kabisa. Pampu ya vakyumu inayorahisisha breki inazungushwa na injini, na usukani wa pawa vilevile. Mara ya kwanza au ya pili ukikanyaga utapata breki, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe. Hakuna nusu lita inayostahili hilo.

Sasa fundi. Wanaosema mafuta ni kazi ya gereji wana mifano mingi ya kweli, na mmoja hausemwi vya kutosha: thamostati. Nenda gereji nyingi na gari linalochemsha, dawa ya kwanza ni kuing'oa. Gari linaacha kuchemsha, mwenye gari anafurahi, na kuanzia siku hiyo injini haipati joto lake. Thamostati kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Bila yake, asubuhi ya Julai pale Lushoto, injini inatembea baridi kilomita nyingi, oili nzito, dizeli haiungui vizuri, na vyuma vya ndani vinalika. Namwelewa fundi: amepewa gari lenye rejeta iliyoziba na mteja asiye na hela ya rejeta. Lakini ametibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Kuijua ni rahisi. Washa gari asubuhi likiwa baridi, weka kiganja kwenye paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa thamostati ipo na ni nzima, paipu inabaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, halafu ghafla inakuwa ya moto. Ikipata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, maji yanapita tu. Thamostati haipo au imekwama wazi.

Breki inayobana nimeshaieleza. Upepo wa tairi nao unapimwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe, kwa sababu geji za mitaani kila moja ina ukweli wake. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataja upepo wa mzigo na wa bila mzigo. Nyuma unatofautiana sana, na wengi wetu tunaweka mmoja mwaka mzima. Kuhusu ea kilina, yaani chujio la hewa, ikiziba kwenye dizeli ya pampu ya zamani utaona moshi mweusi mlimani, maana pampu inaleta mafuta bila kujua kwamba hewa haitoshi. Kwenye injini ya petroli ya kisasa kompyuta inapunguza mafuta yenyewe, kwa hiyo unapoteza nguvu zaidi kuliko lita.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wa gereji. Fundi anarudisha kilichopotea, haongezi. Gari likisharudi katika hali yake ya kiwandani, mlango wa fundi umefungwa. Kinachouzwa baada ya hapo, sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutia tangini, vipangaboi vya kuzungusha hewa, ni hela inayotupwa. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani, EPA, ilipima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na haikupata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana.

Na mara nyingine tunalipa fundi atuongezee ulaji. Bampa la chuma zito, keria juu ya kabini, matairi mapana ya matope kwa gari linaloishi lami. Matairi makubwa yana hila nyingine. Ukitoa 265/65R17 ukaweka 285/70R17, mzingo unaongezeka kwa asilimia 7 hivi. Dashibodi inaandika kilomita 100 wakati umetembea 107. Ulaji umepanda kweli, ila hesabu yako inauonyesha mkubwa kuliko ulivyo, na dereva anaulizwa maswali ya mafuta ambayo hayapo. Kuhusu mlango wa bodi, wapo wanaorudi na mlango umelazwa chini ili upepo upite. Majaribio ya upepo yameonyesha kwamba ukifungwa, hewa inajikusanya ndani ya bodi kama mto, na hewa ya juu inateleza juu yake. Ufunge. Chanja cha kabichi, kama kinafunguka, kilaze wakati wa kurudi.

Basi tumepata jibu? Bado, kwa sababu pande zote mbili zinapima kitu kimoja tu, kilomita kwa lita. Kwanza hata hicho tunakipima vibaya. Kuweka mafuta ya elfu hamsini leo na ya elfu thelathini kesho hakukuambii chochote. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea, rudi sheli ileile ujaze tena mpaka ijikate. Fanya safari tatu, ndipo umwambie mtu neno. Mimi ningefanya hivyo mapema, posho ya mtu isingekatwa.

Lakini pikapu ya kazi haiishi kwa kilomita, inaishi kwa mzigo. Tuseme safari ni kilomita 360. Ikiwa na tani moja inakwenda kilomita 9 kwa lita: lita 40. Ikirudi tupu kilomita 12 kwa lita: lita 30. Tani moja imefika sokoni kwa lita 70. Sasa ikirudi na tani ya saruji, sukari au bati, tumia lita 40, ongeza mbili za kuupandisha mzigo ule mlimani. Jumla 82 kwa tani mbili, yaani lita 41 kwa tani. Umeshuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hakuna nozeli wala mguu mwepesi utakaokupa hiyo.

Wanaopinga wana sababu. Mzigo wa kurudi unasubiriwa. Siku moja ya kukaa Dar ni chakula na malazi ya watu wawili, na kabichi nyingine inangoja shambani. Dalali anataka chake. Kuna siku kusubiri kunagharimu kuliko lita 30 za kurudi tupu, na siku hiyo rudi tupu bila kujilaumu. Wengine wanasema basi tuzidishe mzigo wa kwenda, tani na nusu badala ya moja. Kwa lita kwa tani wana hesabu sahihi. Kwa breki na springi katika mteremko uleule siwaungi mkono, na hapo sibadiliki.

Lililobaki gumu ni namna ya kumlipa dereva. Nilijaribu bonasi ya mafuta: lita anazookoa, nusu ya thamani ni yake. Kwa wiki mbili daftari lilipendeza. Kisha tingo akaniambia wanashuka Lushoto na fri, na mara moja injini imezimwa. Dereva hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye niliyemwekea fedha mahali pa hatari. Nikaifuta bonasi ya lita siku hiyohiyo. Sasa anapata fungu katika mzigo wa kurudi anaoutafuta mwenyewe, gari linaondoka Lushoto kabla ya saa mbili usiku hata kama shamba halijamaliza kupakia, na akisema linakula, tunaanza kwa kushika rimu zote nne.