c6 au e5: mwenye kete nyeusi ajifunze nini?

Kwa wachezaji wa chesi wa Arusha na Moshi, hasa wanaojifunzia kwenye simu, swali la kete nyeusi huzua ubishi uleule. (c6, e5 na kadhalika ni majina ya vyumba vya ubao; chumba kikitajwa peke yake, ni askari anayesogea hapo. Namba mbele, kama 2.d4 d5, ni hatua ya ngapi, Nyeupe kwanza, kisha Nyeusi.) Wapo wanaosema shika c6 kwa kila kitu: Nyeupe akianza e4, jibu c6, yaani Caro-Kann, akianza d4, jibu d5 kisha c6, yaani Slav. Wengine wanauita huo uvivu. Kwao mwanafunzi ajibu e4 kwa e5, apigwe, ajifunze.

Kwa mtu mzima mwenye nusu saa tu baada ya kazi, mimi naegemea c6. Ukijibu e5, Nyeupe ndiye anayechagua mtaendea ufunguzi upi: Kihispania, Kiitaliano, Kiskoti, Vienna, gambiti ya mfalme. Yote hayo uyajue kidogo, na usipoyajua unaumia mapema. Ukijibu c6, baada ya 2.d4 d5 njia kubwa za Nyeupe ni tatu: asukume e5, ale d5, au alinde e4 kwa farasi wa c3. Tena askofu wa vyumba vyeupe, ambaye kwenye ufunguzi wa Kifaransa (1.e4 e6) hufungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, hapa anawahi kutoka hadi f5 kabla ya e6.

Tatizo ni kwamba neno "imara", ambalo c6 husifiwa nalo, huwafanya watu wakariri picha ya mwisho na kusahau mpangilio wa hatua. Tazama 3.e5: askofu anatoka f5, Nyeupe anacheza 4.h4. Hatua inaonekana ya mchezo wa watoto, na Nyeusi kwa mazoea anajibu e6. Sasa 5.g4. Askofu akirudi g6 anafukuzwa kwa 6.h5, akikimbilia e4 anafuatwa na 7.f3, na pa kutokea hapana, kwa sababu upande wa pili askari wa c2 ameziba njia. Askofu mzima anaondoka, na fidia yake haizidi askari mmoja. Dawa ni kucheza h5 wewe mwenyewe kwenye hatua ya 4, kisha e6.

Kitanzi kingine ni kifupi zaidi. Nyeupe analinda kwa farasi c3, unakula e4, farasi anarudishia. Unapeleka farasi d7, malkia wake anakaa e2. Ukitoa farasi wa pili kwenda f6, farasi wake anaruka d6 na mfalme wako amekufa kwenye hatua ya 6. Askari wa e7 hawezi kumla farasi huyo, maana akisogea anamwacha mfalme wazi mbele ya malkia. Ungetanguliza e6, pasingekuwa na kitu.

Hoja kwamba Slav na Caro-Kann ni "kitu kimoja" nayo ni ya kupima. Askari wanafanana, askofu hafanani. Baada ya 1.d4 d5 2.c4 c6, kila upande ukitoa farasi wa upande wa mfalme, kisha Nyeupe farasi c3, ukitoa askofu f5 papo hapo unajiletea balaa: anakula d5, unarudishia, malkia anakuja b3. Anatazama b7, ambayo askofu ameiacha, na d5 pia imeelemewa. Njia inayofahamika ni kula c4 kwanza. Nyeupe anacheza a4 kuzuia b5, ndipo askofu atoke f5.

Hapa ndipo wanaotoka kwenye drafti, na vijiweni kwetu ni wengi, wanapojikwaa. Drafti inakulazimisha kula. Chesi haikulazimishi, na kula c4 ili ushikilie ushindi wa askari mmoja ni hatari: 1.d4 d5 2.c4, unakula, 3.e3 b5 4.a4 c6, anakula b5, unarudishia, kisha malkia f3. Ngome ya a8 iko wazi, na kuiokoa lazima utoe farasi au askofu.

Sasa upande wa e5, na hapa wapinzani wa c6 wana hoja nzito. Kijana wa shule mwenye mwalimu na muda atafaidika zaidi na e5, kwa sababu vita huanza mapema na jicho la mashambulizi hukomaa. Bei yake ipo: kwenye Kiitaliano (farasi f3 na c6, kisha askofu wa Nyeupe c4), ukitoa farasi f6 na farasi wa Nyeupe akaingia g5 kwenye hatua ya 4, unajibu d5, anakula, na ukirudishia kwa farasi anatoa wake f7 na kumburuta mfalme wako hadi katikati ya ubao. Farasi wa c6 aende a5, amsumbue askofu. Mtoto akishapigwa hivyo mara moja, hasahau. (Sisilia, 1.e4 c5, ni nzuri mno, ila kazi yake ya kukariri haina mwisho, iache kwanza.)

Udhaifu mkubwa zaidi wa c6 huonekana baada ya ufunguzi kwisha. Nyeupe anakula d5, unarudishia kwa askari wa c, ubao unatulia, na mtu hajui afanye nini. Hapo Nyeusi anasukuma b5 hadi b4, akiwa na ngome c8, ili kudhoofisha c3. Nyeupe akiwa amesukuma e5, kazi yako ni c5, hata kama askari huyo ametumia hatua mbili kufika. Kwa hiyo kwenye daftari, kila tawi liandikie hatua nane tu, na chini yake mstari mmoja: ni askari gani atasukumwa na kwa nini.

Na kwenye simu wengi watakuchezea London: d4, halafu askofu f4. Usicheze c6 kwa mazoea. Peleka c5, farasi c6, malkia b6, uone b2 anailinda na nini.