Redio za roki ya zamani: orodha fupi inamchosha nani?

Bendi ya Led Zeppelin ilitoa albamu 8 za studio kabla ya kuvunjika mwaka 1980. Anayefuatilia redio za roki ya zamani Marekani husikia nyimbo zao chache zilezile, mwaka nenda mwaka rudi, na ndiyo maana kilio cha kupanua orodha ya nyimbo zinazopigwa hakiishi.

Wapangaji wa muziki wana hoja nzito. Kabla wimbo haujapewa nafasi, wasikilizaji huchezewa vipande vya sekunde chache vya mamia ya nyimbo, nao hutoa alama kwa kila kimoja: naujua, naupenda, umenichosha. Mara nyingi hubaki nyimbo kati ya 300 na 500. Tena, katika miji mikubwa wasikilizaji wa sampuli hubeba kifaa kinachonasa alama isiyosikika iliyofichwa ndani ya sauti ya redio. Mtu akihama kwa sababu ya wimbo asioujua, dakika aliyohama inaonekana.

Sasa tupige hesabu. Kituo chenye nyimbo 400 kikipiga 12 kwa saa, kwa siku ni 288. Tuseme vibao 100 vya juu vinachukua nusu ya nafasi hizo. Dereva anayesikiliza nusu saa njiani hukutana na kibao kilekile kimoja cha kundi hilo takriban mara moja kwa safari 33. Huyo hana sababu ya kulalamika. Lakini fundi anayewasha redio gereji kwa saa nane kwa siku atakisikia karibu kila baada ya siku mbili za kazi. Na fundi huyo mmoja anakipa kituo dakika sawa na madereva 16.

Hapa ndipo naona wapangaji wanapokosea. Kifaa kinakamata mtu anayehama ghafla, hakimkamati anayechoka taratibu kwa miezi kisha akaacha kuwasha redio. Jaribio la vipande vya nyimbo nalo lina kasoro ya kuzunguka: wimbo haupigwi kwa kuwa haujulikani, na haujulikani kwa kuwa haupigwi.

Hata hivyo, kufungua milango yote si dawa. Juni 2005, redio ya WCBS-FM ya New York iliacha vibao vya zamani, ikaingia mtindo wa Jack: orodha pana, mchanganyiko wa miongo, bila watangazaji. Julai 2007 ilirudi kwenye vibao vya zamani. Upana peke yake haukuwafidia wasikilizaji sauti walizozizoea.

Njia inayofaa ni wimbo mmoja usiozoeleka kwa saa, yaani 24 kwa siku. Ukiwa na hazina ya nyimbo 241, kila mmoja unarudi baada ya siku 10 hivi. Anza na nyimbo zilizosahaulika za bendi zinazopendwa tayari, kama Pink Floyd au Eagles, maana sauti ya mwimbaji inamshika msikilizaji hata kama wimbo ni mgeni. Uweke katikati ya vibao viwili vikali. Usiupige mara tu baada ya matangazo ya biashara: pale msikilizaji anarudi kuangalia kama kuna cha kumfanya akae.

Kuna kosa jingine ambalo hufanya hata orodha ndefu isikike fupi. Kundi la nyimbo 48 likipewa nafasi 6 kwa saa linazunguka mara 3 kamili kwa siku, kwa hiyo kila wimbo unaangukia saa zilezile kila siku, na anayesikiliza saa 2 asubuhi anapata nyimbo 6 zilezile wiki nzima. Programu ya kupanga nyimbo isipowekewa kanuni ya kuzuia hilo, haitasema kitu. Punguza wimbo mmoja, zibaki 47, na mzunguko unaanza kusogea.

Halafu mrudishe mtangazaji. Sentensi mbili kabla ya wimbo, albamu gani, nani anapiga gitaa, zinatosha kumfanya mtu asubiri.