Kutembelewa sio kudekezwa

Nimeisoma habari yote hii ya masomo, ufundi na siku za kutembelea wafungwa kwenye magereza ya majimbo kule Marekani, na naona wengi hapa kwenye maoni wanalalamika eti wafungwa wanadekezwa. Jamani! Mwaka 1994 wabunge wao waliwakatia wafungwa ruzuku ya Pell ya kulipia chuo, madarasa mengi ya gerezani yakafa, mpaka Julai 2023 ndo wamerudishiwa kikamilifu, piga hesabu hapo ni karibu miaka 30 watu wanakaa tu. Na utafiti wa 2013 wa RAND, taasisi ya utafiti ya huko huko Marekani, ulionyesha waliosoma wakiwa ndani uwezekano wao wa kurudi jela unapungua kwa asilimia 43, sasa kudekezwa kuko wapi?

Ufundi sawa, kuchomelea, useremala, umeme, ila mtu akitoka ananyimwa leseni ya kufanya kazi hiyo kwa sababu ya rekodi yake ya kufungwa, hilo nalo litazamwe.

Kinachoniuma zaidi ni kutembelewa. Magereza mengi yako mbali na miji wanakotoka wafungwa, mama anasafiri usiku kucha na watoto, anafika anapekuliwa, pengine anaambiwa nguo aliyovaa hairuhusiwi, akiingia anamkumbatia mumewe mwanzo na mwisho tu basi. Na kuna jela zimeleta skrini za video eti badala ya kuonana ana kwa ana, na hela wanatoza! Mtoto mdogo anataka kupakatwa na babake, skrini ataifanyia nini? Wawawekee familia mabasi, na kutembelewa kusiwe kitu cha kumnyang'anya mtu kila akikosea.