Digrii ya usalama wa mtandao au vyeti? Pande zote mbili zinaficha kitu

Kila baada ya muda ubishi huu unarudi. Kuna wanaosema digrii ya usalama wa mtandao ni kupoteza miaka minne bure, chukua vyeti vya mitihani ya fani, jifue kwenye tovuti za mazoezi ya udukuzi kama TryHackMe na Hack The Box, ingia kazini, na kuna wanaosema bila chuo utabaki mtu wa kubonyeza zana za wenzako bila kujua ndani kunatokea nini. Mimi naegemea chuo, ila sio lazima hiyo digrii yenye jina la sekyuriti, nitafika huko.

Watu wa vyeti wana mfano mtamu sana. Mei 2017 WannaCry, programu haribifu inayofunga mafaili na kudai fidia, inafunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zinarudisha wagonjwa nyumbani, na anayeisimamisha ni Marcus Hutchins, kijana aliyejifunza mwenyewe, hana digrii, aliona jina la domeni (anwani ya tovuti) ndani ya msimbo wa ile virusi akalisajili na usambaaji ukakatika. Sawa. Ila wanaoisimulia huwa wanaishia hapo, hawasemi kwamba 2019 huyo huyo alikiri mahakamani Marekani kushiriki kutengeneza Kronos, programu ya kuiba taarifa za benki, kazi aliyoifanya miaka kadhaa kabla ya WannaCry. Kujifunza peke yako mtandaoni kuna vichochoro vyake na hakuna wa kukuvuta shati. (Chuo nacho sio kinga ya tabia jamani, yule aliyeachia mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe kwenye mtandao, mwaka 1988 alikuwa mwanafunzi wa Cornell.)

Lawama kubwa kwa digrii ni kwamba mtaala unapitwa na wakati. Kweli, zana zinapitwa, lakini angalia Log4Shell ya Desemba 2021, tundu kwenye Log4j, kipande cha programu kinachotumika sehemu nyingi kuandika kumbukumbu za mfumo, ilitikisa kila kona, na ukiifungua ndani kosa ni la zamani kabisa, programu inachukua maneno ya mtu wa nje inayafanya amri, ukoo mmoja na SQL injection (kupenyeza amri kwenye hifadhidata) tuliyonayo tangu miaka ya 90. Aliyeshika msingi aliielewa siku hiyo hiyo hata kama mwalimu wake hakuwahi kuitaja. Na ule mlango wa nyuma uliofichwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili kwenye Linux, uliogunduliwa Machi 2024, hakuugundua mtu wa sekyuriti, aliugundua Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, aliona tu SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) inachelewa kama nusu sekunde na inakula CPU kuliko kawaida akaamua kuchimba. Wengi tungesema ah netiweki leo mbovu. Cheti gani kinafundisha kushtuka na nusu sekunde? Hicho kinatoka kwa mtu anayejua mfumo endeshi unavyofanya kazi, awe alikipata darasani au kwa kuhangaika na seva miaka.

Sasa vyeti. Sio takataka, OSCP kwa mfano, cheti cha udukuzi wa vitendo, unapewa karibu saa 24 uvamie mashine kweli, alafu saa 24 nyingine uandike ripoti, na hiyo ripoti sio mapambo, wapo wanaodhani kazi hii ni kuvunja tu, kumbe kama huwezi kumweleza bosi asiyejua kompyuta ni nini kimevunjika na kwa nini alipe kukirekebisha, hujafanya kazi. Tatizo langu ni wanaoviuza. Dogo anaambiwa chukua CISSP, cheti cha wazoefu wa usalama, upate ajira, wakati CISSP inataka uzoefu wa miaka 5, digrii inakupunguzia mwaka mmoja tu, bila huo uzoefu hata ukifaulu mtihani unaitwa mshiriki na unapewa miaka 6 ya kuutafuta. Na ukishakipata unaendelea kukilipia ada na kukusanya pointi, Security+, cheti cha kuanzia, nayo baada ya miaka 3 unaihuisha.

Na hapa ndo pande zote mbili zinaficha. Sekyuriti mara nyingi sio kazi ya kuanzia. Chuo hakikwambii kwa sababu kinataka ada, mwenye kozi fupi hakwambii kwa sababu hiyo hiyo, alafu unakutana na tangazo la "nafasi ya kuanzia, uzoefu miaka 3" unachanganyikiwa. Wengi waliofika wamepitia dawati la msaada, netiweki, kusimamia seva au kuandika programu. Nafasi zile za chini kabisa, za kukodolea macho tahadhari za mfumo (alati) zamu ya usiku, ndo zinazoanza kukabidhiwa mashine zizifanye zenyewe.

Kwa hiyo kama bado una umri wa chuo na ada ipo, ningesema soma sayansi ya kompyuta ya kawaida, vyeti vifuate. HR bado wanachuja kwa digrii, na ukitaka viza ya kazi nje ndo kabisa. Lakini kama tayari uko IT unalipwa, kuacha kazi ukakope ukasome digrii ya sekyuriti, hapana, soma jioni. Na kama roho yako iko kwenye hiyo ya sekyuriti tu, kabla hujalipa omba orodha ya masomo, ukikuta sera na usimamizi wa hatari vimejaa alafu programu, mifumo endeshi na netiweki vimebanwa muhula mmoja, kimbia. Waulize pia kama wana maabara ambayo wanafunzi wanaruhusiwa kuivuruga.